Kanda ya Ziwa kuwa jimbo: barua ya wazi kwa wakubwa kutoka Mwaloni Kirumba

Waheshimiwa, shikamooni. Hii barua ni ya waziri wa TAMISEMI, yani wa tawala za mikoa na serikali za mitaa, wakuu wa mikoa yetu sita ya huku ziwani yani Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Shinyanga na Simiyu, wabunge wetu wote bila kujali chama, na mheshimiwa Rais mwenyewe kama atapata nafasi. Mi ni mama wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nanunua mzigo kutoka visiwani nauzia wenye fuso wanaoshusha mpaka Tunduma na wengine wanavuka hadi Lubumbashi, siasa sio kazi yangu kabisa ila siku hizi siasa inanikuta hapo hapo kwenye mzani, kwa hiyo nimeona bora niandike kuliko kubishana na wabeba mizigo kila asubuhi.

Ishu yenyewe ni hii stori ya majimbo. Mnaijua, msijifanye hamuijui. Kuna wanaotaka Kanda ya Ziwa iwe jimbo lenye serikali yake na bunge lake dogo, ikusanye kodi yake yenyewe halafu ipeleke Dodoma fungu tu la jeshi na mipaka na barabara kubwa. Kuna wengine hawana habari na jimbo, wanachotaka ni mkoa mpya wakatiwe kwao, makao makuu yawe mji wao, basi. Na kuna wachache wakishapandwa na hasira wanasema bora tujitenge tu tuwe na nchi yetu, hao ukiwauliza pasipoti tutachapishia wapi wanacheka, ila kabla hujawauliza hawakuwa wanacheka. Mi niko katikati ya wote hawa na sijisikii raha hapo katikati. Asubuhi nawaunga mkono, jioni nawaogopa. Nadhani watu wa aina yangu tupo wengi kuliko mnavyodhani, sema hatuonekani kwa sababu kila mtu anataka useme uko upande gani kabla hujamaliza sentensi.

Nianze na kwa nini nawaelewa.

Kwa sensa ya 2022 hiyo mikoa sita ina watu zaidi ya milioni 16 kati ya milioni 61 na ushee wa nchi nzima. Zaidi ya robo ya Watanzania wako huku. Sasa kijana anayebeba magunia hapa anapiga hesabu zake, anasema Zanzibar ina watu milioni 1.9 hivi na ina Rais wake, ina Baraza la Wawakilishi, ina bajeti yake inasomwa na waziri wake, sisi milioni 16 tuna nini? Najua, najua, Zanzibar ilikuwa nchi, iliungana na Tanganyika 1964 kwa makubaliano, sisi hatukuwahi kuwa nchi, msinitumie mwanasheria kunielimisha. Nasema tu hesabu ile ukipigiwa saa kumi na mbili asubuhi na mtu ambaye ana gunia begani huna jibu la haraka.

Halafu mali. Geita mgodi mkubwa unachimba tangu 2000, Bulyanhulu upo, North Mara upo, almasi ya Mwadui inatoka tangu mkoloni mwaka 1940, pamba ya Simiyu mnaijua, na ziwa lenyewe asilimia 51 ni la Tanzania, Uganda na Kenya wanagawana inayobaki. Kwenye migodi ya Barrick serikali ina hisa asilimia 16 kupitia kampuni ya ubia ya Twiga, sawa, tulishangilia, lakini zile ni za serikali kuu. Kinachoshuka halmashauri ni ushuru wa huduma, usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo, na miradi ya CSR, yani ile kampuni inayowafanyia majirani wa mgodi, ambayo nayo mpaka vikao vikae. Hata kwa samaki ni hivo hivo, minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo, yani vibofu vya sangara, yanaenda China kwa bei ambayo mvuvi mwenyewe akiisikia anakaa chini, na kuna miaka mtaani kwetu kitoweo cha samaki kilikuwa mapanki, yani kichwa na mifupa baada ya kiwanda kuchukua nyama. Mtu aliyekula mapanki akiwa mtoto huwezi kumwambia habari ya keki ya taifa.

Ila mi kwa kweli sio dhahabu inayoniuma. Dhahabu ni ya mbali. Kinachoniuma ni kidogo zaidi na mtaona kama kichekesho.

Kuna mwalo mmoja visiwani, yani pale mitumbwi inaposhusha samaki, siutaji, huwa naenda kununua mwenyewe mzigo ukiwa mzuri. Pale kuna choo cha umma, kimejengwa vizuri tu, tofali, bati la bluu, mlango wa chuma, na mlangoni kufuli. Mita chache kutoka kwenye kufuli anakaa kijana wa ushuru na mashine ya POS, na ile mashine haijawahi kuharibika, mvua inyeshe jua liwake inatoa risiti. Wanawake wanaoanika dagaa pale wanaenda porini, mchana kweupe wanasindikizana wawili wawili mmoja akae mlinzi. Nikamuuliza kijana jamani kwa nini choo kimefungwa, akasema shimo limejaa na hela ya kunyonya haijaidhinishwa. Inaidhinishwa wapi? Juu. Juu wapi, Nansio kwenye halmashauri? Akasema juu tu mama. Na kweli hajui, ameajiriwa kukusanya, hajaajiriwa kujua. Hela ya kunyonya lile shimo inapatikana pale pale kwenye ile mashine kwa siku mzigo unapotoka, nimeona kwa macho magunia yanavyohesabiwa, lakini inapigiwa control namba inapaa, na kurudi ni mpaka bajeti, mpaka mgao, mpaka mtu asaini ambaye hajawahi kukanyaga kile kisiwa wala hatakanyaga.

Hapo ndo mnatengeneza watu wa majimbo, waheshimiwa. Sio chama cha upinzani, ijapokuwa chama kikuu cha upinzani kimehubiri hiyo sera kwa miaka mingi na nyie mmeijibu kwa kusema ni ukabila. Lile kufuli linahubiri kila siku na halihitaji kibali cha mkutano.

Angalieni kodi ya majengo. Zamani ilikuwa ya halmashauri, jiji linakusanya linatumia. 2016 ikahamishiwa TRA, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme mara ya kwanza kwa mwezi unaona yuniti zimepungua unajua tayari nyumba imelipiwa. Kukusanya ni rahisi sasa hivi, sikatai, hakuna wa kukwepa. Ila mtaro wa mbele ya nyumba yangu Igoma nikimuuliza diwani ananiambia mama hiyo hela siyo mimi ninayeigusa. Na ni kweli. Sasa tumemchagua wa nini? Mkuu wa mkoa ameteuliwa, mkuu wa wilaya ameteuliwa, mkurugenzi ameteuliwa, katibu tawala ameteuliwa. Tunayempigia kura ni diwani na mbunge na mwenyekiti wa mtaa, na diwani huyo akigongana na mkurugenzi wote tunajua nani anahamishwa na nani ananyamaza. Katiba ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, ibara ya 145 na 146 zinasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Maandishi mazuri. Kijana wa POS hajayasoma.

Na wala sio kwamba watu wa ziwa hawawezi kujiendesha. Wakati wa mkoloni tulikuwa na Jimbo la Ziwa, makao makuu hapa hapa Mwanza, sasa lile lilikuwa la Mwingereza sio letu, silisifii. Lakini humo humo ndani wazee walianzisha ushirika wa pamba, mwaka 1955 vyama vikaungana vikawa Victoria Federation chini ya Paul Bomani, ukawa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa wa Waafrika bara zima, wana majengo, wana vinu vya kuchambulia pamba, wanasomesha watoto. TANU ilipigwa marufuku Usukumani 1954 mpaka 1958 na watu hawakulala, siasa ikapitia kwenye pamba. Geita 1958 wakaletewa baraza walilopangiwa bila kuulizwa, wakakataa, wakaja mpaka Mwanza mjini kulalamika. Babu yangu mzaa baba alikuwa analima pamba Majita na alikuwa anausifia ule ushirika mpaka anakera, kila kitu kwake kilikuwa kabla ya kuvunjwa na baada ya kuvunjwa.

Maana ulivunjwa. Na hapa hakuna mkoloni wa kumsingizia. 1972 halmashauri zilifutwa kwa jina zuri la madaraka mikoani, ambayo kwa vitendo ilikuwa maofisa kutoka makao makuu kuletwa mikoani, 1976 vyama vya ushirika navyo vikafutwa. Baadaye mkaona haikwenda, sheria za 1982 zikarudisha vyote viwili, lakini kilichorudi ni ganda, uzoefu wa watu kujiamulia ulikuwa umeshakatika. Mi sikuwepo, ila ukikaa na wazee wa pamba utasikia wanavyolisema hilo, bila kelele, wanalisema kama mtu anavyosema habari ya shamba lililouzwa na ndugu.

Basi baada ya hayo yote mngetegemea niseme ndio tupeni jimbo. Hapana. Na hapa wenzangu wa Mwaloni ndo huwa wananigeuka.

Kwanza mtu aniambie jimbo la nani. Baba yangu Mjita, mama Mkara wa Ukara kabisa, nimeolewa na Msukuma wa Magu, wanangu wakiulizwa kabila wanasema Mwanza. Tukishakuwa jimbo la kujiamulia, kura zitapigwa, na kwa idadi kila mtu anajua kabila gani ni kubwa huku, kwa hiyo wenzetu wa Bukoba na Ngara, wa Tarime na Rorya, wa Ukerewe, watakaa wapi? Leo tunalalamika Dodoma iko mbali, kesho Mkerewe atalalamika Mwanza imemmeza, na atakuwa na haki. Siku moja mbishi mmoja hapa akawa anasema tukiwa jimbo ushuru wa dagaa wote unabaki Mwanza tunajenga mji kama Dubai, mama mmoja wa Muleba alikuwa anashona gunia akamwambia bila hata kunyanyua kichwa, hizi dagaa zimetoka Goziba, Goziba ni Kagera, we ushuru wako wa Mwanza umeuvua lini? Watu walicheka mpaka mzani ukasimama. Ila mbishi hakucheka, alikasirika, akaanza kusema nyie Wahaya. Nikaona hee, mbona haraka hivi. Jimbo lenyewe halijazaliwa hata jina halina tayari kuna nyie na sisi.

Ndo maana ile hofu ya Mwalimu siidharau. Mwaka 1993 wabunge wale wa G55 walipotaka serikali ya Tanganyika yeye aliwapinga kwa nguvu zote, hoja yake kwamba ukianza kubaguana huishii pale ulipokusudia, leo unamtenga wa mbali kesho unamtenga jirani. Lakini huyo huyo Mwalimu, mtu wa Butiama huku huku kwetu ziwani, Aprili 1968 aliitambua Biafra ikiwa inajitenga na Nigeria, akasema umoja wa kulazimishwa kwa risasi sio umoja. Watu wananitupia mojawapo kila wakitaka kushinda ubishi, anayependa majimbo ananipa Biafra, asiyependa ananipa G55. Mi nazichukua zote mbili. Kama yeye aliweza kuzibeba zote kichwani kwake sioni kwa nini mimi nilazimishwe kuchagua.

Na tuseme ukweli mwingine ambao vijiweni haupendwi: kanda hii imetoa marais wawili, Nyerere wa Butiama na Magufuli wa Chato. Tukisema tumetengwa tangu uhuru wenzetu wa Lindi na Mtwara wanatutazama tu.

Chato ndo inanipa kichwa kuuma kuliko zote. Mwaka 2021 baada ya Magufuli kufariki likaja ombi kwamba Chato iwe mkoa, wakatajwa na Biharamulo na Ngara kwamba wangeingizwa humo, na huko wengi wakasema hapana hatujaomba. Sasa angalieni, Chato ilipata uwanja wa ndege, ikapata hospitali ya kanda, na haikuwa mkoa. Ilikuwa wilaya. Ilikuwa na mtoto wake Ikulu. Mtu wa kawaida anajifunza nini hapo? Anajifunza kwamba maendeleo hayana uhusiano na ramani, yana uhusiano na nani amekaa pale juu, kwa hiyo kama hatuna mtu wetu pale juu basi bora tutengeneze juu ya kwetu. Mnaona mantiki inavyoenda? Mi siipendi hiyo mantiki lakini nyie ndo mliyoifundisha.

Na mikoa mmekuwa mkiigawa kama pipi kwa mtoto anayelia. Ibara ya 2 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya, kwa hiyo ni saini tu. Machi 2012 ikazaliwa Geita, Simiyu, Katavi na Njombe kwa mpigo. Sisi wa Mwanza tulilala tuna mgodi wa dhahabu tukaamka hatuna, Geita yetu imekwenda, Busega nayo iliyotoka Magu imekwenda Simiyu, tukabaki na samaki na mawe. Mwaka huo huo jiji lenyewe likakatwa, Ilemela ikawa manispaa yake, Nyamagana ikabaki jiji. Kwa hiyo mimi nalala Igoma jiji nafanya kazi Kirumba manispaa, mji mmoja, daladala moja, halmashauri mbili, wakurugenzi wawili, magari mawili ya mkurugenzi. Geita wenyewe wanasema wamefaidika, hospitali ya mkoa imesogea, ofisi zimesogea, mtu hapandi tena kivuko kufuata muhuri, na siwezi kuwakatalia, aliyekuwa anasafiri ndiye anayejua. Ila mamlaka ya kuamua je? Mkuu wa mkoa wa Geita anateuliwa vile vile kama wa Mwanza. Mmesogeza meza, kalamu mmebaki nayo.

Nigeria wameanza uhuru 1960 na majimbo matatu, kufika 1996 wana 36, na maombi ya mapya hayajaisha mpaka leo. Kila jimbo jipya likizaliwa ndani yake kuna wachache wapya wanaoona wamemezwa. Sio kwamba walikosea kugawa, nchi ile kubwa, ila ukishaingia njia ile hamna kituo cha kushukia.

Mpaka ukiongezeka mimi naujua kwa jina moja: geti. Wenye gari la dagaa wanajua. Risiti ya hapa ukifika kule wanaigeuza geuza, mbona tarehe, mbona jina la gari, mbona uzito, mara kibali hiki sio cha huku, shusha tuhesabu. Kwenye mazao angalau waliweka utaratibu kwamba mzigo chini ya tani moja ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine hausumbuliwi na ushuru, lakini mzigo wa fuso hauko chini ya tani moja. Usiku mmoja kwenye geti moja sitaji lilipo, gari la mzigo wangu lilisimama mpaka kunakucha, mvua, turubai limetoboka upande, na dagaa ikishalowa na kukauka tena inabadilika rangi inakuwa chakula cha kuku, bei inaporomoka zaidi ya nusu. Sasa fikirieni badala ya halmashauri na halmashauri iwe ni serikali na serikali, kila moja ina sheria yake ya uvuvi na mashine yake ya POS. Samaki wenyewe hawajui mpaka. Dagaa anazaliwa upande wa Mara anavuliwa Ukerewe anauzwa Ilemela.

Kenya wamejaribu mara mbili na mara zote mbili kuna cha kujifunza. Majimbo yao ya 1963 hayakumaliza miaka miwili. Neno likarudi mwanzoni mwa miaka ya 90 huko Bonde la Ufa, safari hii mdomoni mwa wanasiasa waliotaka watu wa makabila mengine warudi kwao, na nyumba zikachomwa. Hiyo ndo picha inayonijia jioni nikisikia mtu anasema nyie Wahaya. Halafu Katiba yao ya 2010 ikaleta kaunti 47, zikaanza 2013, magavana wanachaguliwa, na sheria inalazimisha angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa ziende kaunti. Nina wateja wa Homa Bay na Kisumu wananunua dagaa, wao wanaita omena, nikawauliza vipi hizo kaunti. Mmoja akanijibu gavana wetu anakula, lakini anakulia hapa hapa tunamuona, na baada ya miaka mitano tunaweza kumtoa. Wanalalamika pia hela za Nairobi zinachelewa, madeni ya wakandarasi, kaunti kuajiri ndugu. Hawajafika peponi. Ila sijakutana na hata mmoja anayetaka kurudi kwenye mkuu wa mkoa wa kuteuliwa.

Upande wa pili nao niutendee haki. Daraja la Kigongo Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, zaidi ya bilioni 700, hela ya ndani ya nchi nzima. Mkulima wa korosho wa Newala amelichangia na pengine hatalivuka maisha yake yote. Nilikuwa nasubiri pale Kigongo na mzigo mpaka joto linauharibu, sasa hivi unapita ukiwa unaongea na simu. Jimbo letu peke yetu lingelijenga lini? Halafu maji ya ziwa yanayotolewa Ihelele kule Misungwi yanafika Kahama na Shinyanga na yameenda mpaka Tabora, kwa watu ambao wangekuwa nje ya jimbo letu kwa ramani nyingi ninazoziona zinachorwa vijiweni. Tungewafungia bomba? Wapo watakaosema tuwauzie. Nawajua kwa majina hao.

Kwa hiyo ninachoomba sio jimbo na sio mkoa mpya, na wala sitaki mniambie basi kumbe uko na sisi, siko na nyie.

Rudisheni kodi ya majengo kwa halmashauri, yote, LUKU iendelee kukusanya kama ni rahisi lakini hela ishuke moja kwa moja bila kupitia kwenye huruma ya mtu. Ushuru wa mwalo, sehemu yake ibaki mwaloni kwa sheria, kamati ya pale pale iidhinishe vitu vidogo kama choo na taa na turubai, sio mpaka juu. Mkurugenzi wa halmashauri aajiriwe na baraza la madiwani na baraza liweze kumfukuza. Mkuu wa mkoa mnaweza kuendelea kumteua kama mnamtaka sana, awe macho ya Rais, lakini bajeti ya mkoa isiwe mkononi mwake. Na meya tumchague wenyewe kwa kura, sio madiwani wajifungie hotelini. Haya yote hayahitaji kuvunja kitu chochote, mengine ni sheria ya kawaida tu bungeni, wabunge wetu mnaweza kuanza nayo wiki ijayo kama mnataka, najua mko wengi mnaotoka huku na mkiungana sio rahisi kuwapuuza.

Lingine, wekeni hadharani kila mkoa umeingiza shilingi ngapi na umepokea shilingi ngapi, kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye ofisi ya kata. Ubishi mwingi wa majimbo unaishi kwa sababu hesabu hazionekani. Inawezekana tukagundua tunanyonywa, inawezekana tukagundua sisi ndo tunaobebwa, maana walimu na madaktari mnawalipa kutoka huko huko juu na hilo vijiweni halihesabiwi. Vyovyote vile nataka kuona.

Katiba mpya nayo mliiacha njiani. Rasimu ya Tume ya Warioba ilikuja na serikali tatu, Bunge Maalum 2014 likarudisha mbili, kura ya maoni haikupigwa, na tangu hapo kimya kirefu. Kwenye yale mazungumzo yote tuliongea sana habari ya Zanzibar na Tanganyika na tukaongea kidogo mno habari ya halmashauri. Safari ijayo anzieni huku chini.

Na watu wanaozungumza majimbo msiwakamate wala kuwatisha wala kuwaita wakabila kabla hamjawasikiliza. Wengine ni wakabila kweli, nimewasema hapo juu, sijawaficha. Lakini wengi ni watu wamechoka na kufuli. Katiba hairuhusu kusajili chama cha kuvunja Muungano wala cha kabila au cha sehemu mtu anakotoka, sawa, hilo lipo, ila kuongea mwaloni hakujakatazwa na nawaomba kusikatazwe.

Mkitaka kuja kusikia wenyewe njooni mwezi ukiwa mkubwa. Giza ndo uvuvi wa dagaa, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inatia nanga, taa za sola zinakaa bila kazi, na wavuvi, wanunuzi, wabeba mizigo wote wako nchi kavu hawana la kufanya zaidi ya kuongea. Njooni siku hizo na daftari la mapato na matumizi. Waandishi wa habari mnaweza kuwaacha. Na tafadhali msije na msafara, magari ya kupakia yanaanza saa kumi na moja alfajiri na mkiziba njia ya Kirumba mtatusikia kwa lugha ambayo haiandikiki kwenye barua.

Wenu,
Mama wa dagaa, Mwaloni Kirumba, Mwanza